Saa janja na siku ya kupumzika: baada ya miezi 14 mkononi

Asubuhi ile saa iliandika 88 kwa rangi ya kijani, na chini yake maneno mafupi: uko tayari kwa mazoezi makali. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, dole gumba langu likiwa juu ya muundi wa mguu wa kulia, mahali padogo pasipozidi upana wa sarafu, na kila nikipabonyeza nauma meno. Nikatazama saa, nikatazama mguu, nikaiamini saa. Nilikimbia kilomita 12. Hiyo ilikuwa siku ya 47 mfululizo bila kupumzika. Siku ya 48 sikuweza kushuka ngazi.

Saa hiyo bado ninayo na bado naivaa, ndiyo maana nimeona niandike. Ingekuwa mbovu tu ningeigawa na kuisahau. Kuna jambo moja inalifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na kuna jambo jingine haiwezi kulifanya kabisa, wala haikwambii kwamba haiwezi. Anayeinunua ili imwamulie lini apumzike anapaswa kuyajua yote mawili kabla hajaifunga mkononi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mwanamke wa miaka 43. Nakimbia mara tano kwa wiki, nanyanyua vyuma mara mbili. Sishindani na mtu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu malalamiko yangu makubwa yanazihusu karibu saa zote za aina hii zinazotoa alama ya kila asubuhi, na sioni haki kuutwika mzigo huo mgongo mmoja.

Kwanza inavyofanya kazi, maana bila kulielewa hili mengine hayataeleweka. Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu hujaa kidogo katika mishipa midogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua, basi saa huhesabu kupungua huko. Kutokana na hesabu hiyo inapata vitu viwili. Cha kwanza ni mapigo ya moyo kwa dakika ukiwa umetulia, hasa usiku. Cha pili ni tofauti ya muda kati ya pigo na pigo, na hiki ndicho kinachowachanganya wengi. Moyo wenye afya haupigi kwa vipindi vilivyo sawasawa. Kati ya pigo moja na linalofuata kuna tofauti ndogo zinazopimwa kwa sehemu za elfu moja za sekunde, na tofauti hizo huwa kubwa zaidi pale mishipa ya fahamu inayotuliza mwili inapokuwa ndiyo inayoongoza. Mwili ukichoka sana, ukianza kuumwa, ukikosa usingizi au ukibeba wasiwasi, tofauti hizo kwa kawaida hupungua. Saa inachukua namba hizo, inaongeza muda uliolala na mazoezi ya siku zilizopita, kisha inakupa alama moja kati ya 0 na 100. Kila kitu kinachangia kwa uzito gani, kampuni haisemi. Kwa mtu anayefundisha watoto waonyeshe njia, si jibu tu, hilo linanikera kweli.

Sasa sifa zake. Mapigo yangu ya usiku huwa 52 au 53. Mwezi wa pili wa kuivaa, asubuhi moja yalikuwa 56, kesho yake 60, na alama ikashuka hadi 31. Mwilini sikuhisi kitu. Siku hiyo nilikuwa nimepanga kukimbia kwa kasi, vipande sita vya mita 800, na nusura nitoke. Nikaahirisha. Jioni koo likaanza kuwasha, usiku homa ikapanda. Jambo kama hilo limenitokea mara mbili katika miezi hii 14, na mara zote mbili saa ilijua kabla yangu. Kumfanya mtu alale nyumbani siku ambayo angeenda kujichosha na maradhi yakiwa njiani ni msaada mkubwa. Sioni kipimo kingine cha bei ya mtu wa kawaida kinachoweza kunipa hilo nikiwa bado kitandani.

Jingine ni kunifundisha kwamba mwili hauweki daftari mbili, moja la mazoezi na jingine la maisha. Kipindi cha kusahihisha mitihani nilikuwa nalala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, mazoezi nimeyapunguza hadi nusu, na bado alama ilikaa kwenye 40 wiki nzima. Zamani ningesema: wiki hii sijafanya mazoezi ya maana, kwa hiyo nimepumzika. Sivyo. Kutokimbia na kupumzika ni vitu viwili tofauti, na aliyenionyesha hivyo kwa namba ni hii saa.

Ila alama ya siku moja usiipe uzito mkubwa. Mkanda ukilegea usiku, ukila ukashiba sana kabla ya kulala, chumba kikiwa na joto, namba zinayumba. Siku hizi natazama wastani wa siku saba kwenye programu ya simu na kuulinganisha na wa mwezi. Mstari ukiinama siku tatu au nne mfululizo, hapo nasikiliza. Mshale mwekundu wa asubuhi moja hauniamrishi tena.

Turudi kwenye mguu. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe ndani ya mfupa wa muundi. Ufa wenyewe ulikuwa haujafunguka, lakini daktari alisema siku chache zaidi za ubishi zingeufungua. Akanipa wiki 8 bila kukimbia. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea, dada mmoja mpole anayeuliza maswali mafupi, alianza na hili:

"Mwalimu, siku yako ya kupumzika ni ipi?"

Nikamwambia sina siku maalumu, napumzika saa ikiniambia, na kwa wiki saba haijaniambia.

"Saa inapima nini?"

"Moyo. Na usingizi."

Hakusema neno. Aliweka kidole pale penye maumivu akasubiri.

Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote lingine kuhusu mazoezi. Mwili unapofanya kazi hauchoki wala haujijengi upya kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu hurudi haraka. Ukikimbia polepole kwa dakika 40, kesho yake moyo mara nyingi umeshasahau. Wanga unaohifadhiwa ndani ya misuli, ukiutumia karibu wote, huhitaji kama siku nzima ya kula vizuri ili ujae tena, wakati mwingine zaidi. Misuli iliyobebeshwa vyuma huendelea kujenga protini mpya kwa siku moja hadi mbili. Maumivu yake, yale yanayokufanya ushindwe kukaa chini baada ya kuchuchumaa na uzito, hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hayatokani na asidi ya laktiki kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu hiyo huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili. Hutokana na uharibifu mdogo ndani ya nyuzi za misuli na mwili kuushughulikia, hasa pale misuli inapovutika huku ikibeba mzigo, kama unaposhuka mlima.

Halafu kuna kano na mifupa, na hapa ndipo nilipoumia. Baada ya zoezi kali, kwa siku moja na kitu, kano hubomoa kolajeni, yaani protini inayoipa kano uimara wake, zaidi ya inavyojenga. Ujenzi huushinda ubomoaji baadaye, kuelekea siku ya pili na ya tatu. Ukirudi kila siku kwa nguvu ile ile, unarudi kila mara wakati wa kubomoa. Mfupa ni wa polepole zaidi. Seli zinazoondoa mfupa uliochoka hutangulia kwa wiki kadhaa, na zile zinazojaza mahali pake huchukua miezi. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulipoanza, na ndicho hasa kipindi ambacho mkimbiaji anajisikia ana nguvu, kwa kuwa moyo wake umeshaimarika. Moyo wangu ulikuwa umefika, muundi ulikuwa bado njiani. Saa ilimtazama aliyefika, ikaandika 88.

Kwa hiyo alama haikuwa uongo. Ilikuwa kweli kuhusu moyo wangu. Kosa la watengenezaji ni kuiita alama ya utayari wa mwili, kana kwamba mwili ni kitu kimoja. Sentensi moja kwenye skrini, kwamba kipimo hiki hakigusi mifupa, kano wala maungio, pengine ingeninusuru wiki 8. Nilitafuta sentensi hiyo katika maelekezo yote yaliyokuja na saa, hata yale ya herufi ndogo. Haipo.

Kuna kosa jingine, na hili linaniudhi zaidi kwa sababu limewekwa kwa makusudi. Saa hiyo hiyo inayokushauri upumzike ina hesabu ya mfululizo. Kila siku ukitimiza lengo la mwendo, duara linafunga na namba inaongezeka: siku ya 20, siku ya 30, siku ya 40. Usipolifunga, namba inarudi sifuri. Siku ile ya alama 31 niliyoieleza, ilinishauri asubuhi nipumzike, na saa mbili usiku, homa ikianza kupanda, ikatetema mkononi kuniarifu kwamba nimebakiza dakika 18 kulifunga duara. Nilipoteza mfululizo wa siku 22. Na nakiri kwamba huzuni ya kuiona ile sifuri ndiyo iliyonisukuma, nilipopona, nianze mfululizo mpya nikiwa nimeapa kutoukatisha. Ule ndio uliofika siku ya 47.

Najua wapo waliofanya kila siku kwa miaka. Ron Hill, Mwingereza aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1970, alikimbia kila siku kuanzia Desemba 1964 hadi Januari 2017, zaidi ya miaka 52, akijiwekea kiwango kisichopungua maili moja. Nimesoma habari zake kwa heshima. Lakini tazama kiwango chenyewe: maili moja. Siku zake nyingi ngumu alizipunguza hadi kikawa kitu ambacho wengine tungekiita kunyoosha miguu. Na alipoacha, aliacha kwa sababu kifua kilimuuma akiwa anakimbia. Mtu anayesema kwamba kupumzika si lazima kwa kuwa Hill hakupumzika, kwanza apunguze mwendo wake kama Hill alivyoweza kuupunguza.

Kilichonisaidia kupanga upya hakikutoka kwenye saa, kilitoka kwenye kalamu. Mtaalamu wa michezo wa Marekani anayeitwa Carl Foster alieneza njia rahisi ya kupima mzigo wa zoezi: baada ya kumaliza unajiuliza lilikuwa gumu kiasi gani kati ya 0 na 10, kisha unazidisha na dakika. Kukimbia dakika 40 kwa ugumu wa 5 ni 200. Basi. Halafu unachukua wastani wa mzigo wa siku saba na kuugawa kwa kipimo cha jinsi siku zinavyotofautiana na wastani huo. Siku zikifanana sana, jibu linakuwa kubwa. Siku ngumu zikiwa ngumu kweli na nyepesi zikiwa nyepesi kweli, jibu linakuwa dogo.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya wiki moja kabla sijaumia: 180, 220, 200, 160, 240, 180, 220. Jumla 1400, wastani 200, na jibu likatoka karibu 7.6. Kisha nikapanga wiki nyingine yenye jumla ile ile: Jumatatu 0, Jumanne 240, Jumatano 160, Alhamisi 360, Ijumaa 0, Jumamosi 160, Jumapili 480. Jumla tena 1400. Jibu: 1.2 tu. Kazi ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini katika wiki ya pili kuna siku mbili ambazo kano na mfupa vinaachwa vifanye kazi yao, na kuna siku mbili za kukimbia kweli, ambazo katika wiki ya kwanza hazikuwepo kabisa. Nilishangaa kuona kwamba kukosa kupumzika kulikuwa kumeninyima hata ugumu. Siku zangu zote 47 zilikuwa za katikati, kwa kuwa hakuna siku niliyokuwa mzima vya kutosha kukimbia kwa kasi.

Saa ina grafu kumi na moja. Hesabu hii haipo hata kwenye moja.

Wengi wananiuliza hofu ile niliyokuwa nayo mimi: nikipumzika, si nitapoteza? Katika wiki zile 8 nilisoma sana juu ya hili kwa sababu nilikuwa naogopa. Kwa waliofunzwa vizuri wakaacha kabisa, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipimwa ukashuka kama asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, na sehemu kubwa ya kushuka huko kwa mwanzo hutokana na maji ya damu kupungua, kitu kinachorudi haraka. Wiki tatu. Siku moja haina mahali katika hesabu hiyo, wala siku mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Gawanya upendavyo: dakika hizo zinaenea ndani ya siku tano bila kubanana. Hakuna mahali panaposema siku saba.

Na kupumzika si lazima kuwe kulala. Ijumaa zangu natembea kama nusu saa, polepole kiasi cha kuongea bila kuhema, na nanyoosha nyonga. Jumatatu sifanyi kitu chochote kinachoitwa zoezi. Vyuma vya miguu naviweka siku ya kukimbia, Jumanne na Alhamisi jioni, navyo naviingiza kwenye mzigo wa siku hiyo, ili siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika kwa mwili mzima. Mwanzoni nilikuwa nakimbia Jumanne na kunyanyua Jumatatu nikidhani nimepumzisha miguu. Miguu ilikuwa haijui kwamba nimebadilisha jina la zoezi.

Mambo mengine ya saa nitayapitia haraka. Betri inakaa siku sita, na nikiwasha ramani inashuka hadi nne. Mkanda wa mpira uliniwasha ngozi mwezi wa kwanza, nikabadilisha kwa wa kitambaa na tatizo likaisha. Umbali unakosea kidogo kwenye kona kali. Mapigo ya moyo wakati wa kunyanyua vyuma usiyategemee, kwa sababu ukikunja kifundo cha mkono mwanga unapotea na namba inaruka. Usingizi inaukadiria vizuri kwa jumla ya saa, vibaya kwa hatua zake. Asubuhi moja iliniambia nimelala fofofo wakati nilikuwa macho nasoma.

Kama ningepewa nyota tano nigawe, ningeipa tatu. Inamfaa mtu anayelala vibaya bila kujijua, mwenye kazi inayomchosha kichwa, au mwenye tabia ya kwenda mazoezini huku homa inamnyemelea. Inamfaa pia anayeanza, aone kwa macho jinsi mapigo ya usiku yanavyoshuka taratibu miezi inavyokwenda. Yangu yalikuwa 61 wiki ya kwanza, na furaha ile sitaisahau. Haimfai mtu aliyewahi kuumia mfupa au kano na anatafuta mlinzi. Na kwa mtu kama mimi, ambaye namba ikipanda anataka ipande tena, inaweza kumdhuru asipoirekebisha.

Ukiinunua, siku ile ile ingia kwenye mipangilio uzime arifa za duara na ufiche mfululizo. Kwenye yangu ilibidi nipite kurasa nne kufika hapo, na kila ukurasa uliniuliza kama nina hakika. Endelea tu. Kisha chagua siku yako ya kupumzika mwenyewe, uiandike ukutani, na iwe ya kudumu hata saa ikiandika 100. Saa uiachie ruhusa ya kuongeza siku ya kupumzika. Isiwe na ruhusa ya kufuta uliyoipanga. Na kila asubuhi kabla hujaitazama, pitisha dole gumba kwenye miundi yote miwili na juu ya visigino. Ukipata mahali padogo panapouma kwa kubonyezwa, na panauma pale pale siku mbili mfululizo, usisubiri alama, nenda kwa daktari.

Miezi tisa sasa sijaumia. Vipande vya mita 800 navikimbia haraka kuliko kabla sijaumia, kwa sekunde 9 kila kimoja. Jumatatu asubuhi nikishaona mapigo ya usiku naivua, naiweka kwenye chaja ndani ya droo ya jikoni, na inakaa humo hadi wakati wa kulala.